Pikipiki Isiyotetemesha Mikono

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, kabla jua halijavuka kilele cha mlima, watu wanne walikutana na pikipiki zao kwenye kituo cha mapumziko katika milima ya Kochi, pale mto unapopinda na mierezi inapoanza kubana njia. Walikuwa wamefanya hivyo kwa miaka kumi na minne. Walikunywa supu ya nguruwe mwitu, wakabishana juu ya mashine, kisha wakaondoka kwa mstari, Udagawa Kanzo akiwa mbele siku zote, kwa kuwa milima ile haikuwa na kona asiyoijua. Juu ya kila kona alikuwa amewahi kukata miti.

Jumapili hiyo ya Novemba Kanzo alifika wa kwanza. Ndani ya koti lake la ngozi kulikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha barua ya kamati ya fidia iliyomkatalia ombi lake, pamoja na kiambatisho chake, na fomu tupu ya maelezo ya shahidi, ambayo ilitakiwa irudi kabla ya Ijumaa. Fomu hiyo alimkusudia mwenzake mmoja tu kikundini, Nezu Shigeaki. Hakuwa amelala vizuri kwa wiki nzima akifikiria namna ya kuitoa.

Kanzo alikuwa na umri wa miaka sitini na saba. Miaka thelathini na mmoja ya umri huo aliitumia akiwa ameshika msumeno wa mnyororo kwenye miteremko, akiikatia miti kampuni ya mbao. Sasa, kila baridi ilipoingia, vidole vyake vinane viligeuka vyeupe kama mishumaa na kufa ganzi. Hakuweza kufunga kifungo cha shati. Usiku aliamshwa na maumivu ya viwiko. Kamati haikubisha lolote katika hayo. Iliandika, kwa lugha safi na baridi, kwamba mwombaji ni mwendesha pikipiki wa siku nyingi, na kwamba mtetemo wa pikipiki hauwezi kuondolewa miongoni mwa sababu. Ikaambatanisha ushahidi: nakala ya jarida dogo ambalo kikundi chao kilikuwa kikiliacha mezani hapo kituoni ili yeyote alichukue. Miaka minane iliyopita Kanzo alikuwa ameandika humo juu ya pikipiki yake: "Mashine hii inakutetemesha mpaka ukifika nyumbani huwezi kushika vijiti vya kulia. Hiyo ndiyo pikipiki. Nyingine zote ni viti vya wagonjwa."

Alikuwa akijigamba, kama wanavyojigamba waendesha pikipiki wote, ambao hawajui kuisifu mashine bila kusimulia jinsi ilivyowatesa. Mtu yeyote aliyewahi kukaa dakika kumi mezani pao angecheka na kupita. Lakini wale waliopewa kazi ya kupima haki ya mtu aliyevunjwa na kazi hawakupanda hata mteremko mmoja, hawakushika hata msumeno mmoja, wala hawakumwuliza hata mmoja wa wenzake waliokata naye miti. Walipata muda wa kutafuta kijarida cha mzaha. Hivyo ndivyo mnyonge anavyoshindwa katika nchi yenye sheria nzuri: sheria ipo, imeandikwa vizuri, na wapo watu wanaolipwa kuhakikisha haimfikii. Sheria ilisema msumeno ushikwe saa mbili kwa siku, zisizidi. Kila jioni karatasi za kampuni zilionyesha saa mbili. Kanzo na wenzake walikata saa sita, na saba wakati wa kiangazi.

Na aliyeandika "mbili" kwenye karatasi zile, kwa mwandiko mzuri wa kalamu nyeusi, alikuwa Nezu, karani wa kampuni.

Jambo hilo hawakuwahi kulizungumza. Walipostaafu, wote wawili walinunua pikipiki za safari za aina moja, mwaka mmoja, na wakaziendesha bega kwa bega. Ndiyo maana ushahidi wa Nezu ulikuwa na uzito kuliko wa mtu mwingine yeyote duniani. Pikipiki ile ile, barabara zile zile, miaka ile ile. Na vidole vya Nezu vilikuwa vizima.

Orihara Fumi, kinyozi wa mjini, alifika na pikipiki yake ndogo ya kijani. Nyuma yake akaja Tamiya, mgawa barua, mtu wa miaka arobaini na miwili asiyejua kunyamaza. Nezu alifika wa mwisho, na hakuna aliyemsikia akija.

"Jamani!" Orihara alisema. "Nezu, hiki kitu umekinunua au kimekufuata nyumbani? Kina uso wa vunjajungu."

"Vunjajungu mwenye njaa," Tamiya alidakia. "Na hiyo siti je? Kama sofa ya ukweni. Mtu anaogopa kukalia."

Nezu alivua helmeti akitabasamu. Ilikuwa ni pikipiki ile ile ya zamani kwa jina, toleo jipya la mwaka huo, ya rangi ya majivu. "Chekeni tu. Imepungua kilo kumi na nane. Imeongezwa nguvu. Kioo cha mbele kinapanda chenyewe."

"Na wewe unapandishwa na nani?" Orihara aliuliza. Akaizunguka, akapiga tangi kwa kucha. "Ile ya kwanza ilikuwa na kiuno. Hii wameiachia mbavu tu. Aliyeichora alikuwa na njaa, nakwambia."

"Dada Fumi, wewe kazi yako vichwa, tangi liache."

"Nimenyoa vichwa vizuri kuliko tangi hili, wewe mtoto wa posta."

"Haya, iwashe basi tuisikie," Tamiya alisema.

"Imewaka."

"Acha utani."

"Imewaka, nakwambia. Weka mkono."

Tamiya aliweka mkono, akautoa, akatazama wenzake kama mtu aliyegusa maiti. Nezu, kwa furaha yake, akachukua kutoka mezani bakuli la supu lililojaa hadi ukingoni, akaliweka juu ya tangi. Vipande vya figili vilielea vimetulia. Uso wa supu haukukunjamana.

"Sasa tuweke kwenye ya Mzee Kanzo!" Tamiya alisema, na kabla Kanzo hajamzuia, alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki ya zamani ya mzee na kuweka bakuli lake mwenyewe juu ya tangi. Supu ilicheza, ikapanda ukingo, ikamwagika juu ya tangi na kuchuruzika kwenye injini, ikatoa mvuke.

Walicheka wote. Watu waliokuwa wakinunua ndimu kwenye meza za nje waligeuka kutazama.

"Imekunywa supu yangu! Mzee, pikipiki yako ina kiu!"

"Hiyo ndiyo pikipiki," Orihara alisema. "Hii nyingine ni friji yenye magurudumu. Haina moyo."

"Moyo gani," Nezu alijibu. "Ile ilinimaliza mikono."

Kicheko kilikuwa bado kinywani mwa Kanzo, naye alikihisi kikimgandia. Alisogea karibu. "Ilikumaliza mikono?"

"Aa, maneno tu, bwana."

"Kweli ilikumaliza?"

"Nimesema maneno tu. Mbona unaniangalia hivyo? Panda hii mpya. Nenda nayo hadi kwenye handaki urudi, utoe hukumu. Wewe ndiye kiongozi wetu."

Hiyo ilikuwa desturi yao: mashine mpya haikuhesabiwa kuwa ya kikundi mpaka Kanzo aende nayo hadi kwenye handaki na kurudi. Alipanda. Alikwenda. Kwenye kona ya tatu, pale mwenzake mmoja wa zamani aliposagwa mguu na gogo, alitambua kwamba usukani ulikuwa umetulia mikononi mwake kama kipande cha mbao kavu, na kwamba hilo hakulijua kwa kuhisi bali kwa kutazama vioo vya pembeni, ambamo picha yake haikutikisika. Mikono yake haikumwambia chochote. Angeweza kuwa ameshika chuma, au sabuni, au hewa.

Aliporudi, Tamiya alisimama wima kama karani wa mahakama. "Haya. Hukumu."

"Ni pikipiki nzuri," Kanzo alisema. "Haitetemeki." Akashuka. "Na ile ya zamani inatetemeka. Inatosha kumwaga supu. Haitoshi kuua vidole. Kilichoua vidole vyangu ni msumeno, na hapa kuna mtu mmoja anayejua niliushika kwa saa ngapi kwa siku."

Akatoa bahasha, akamkabidhi Nezu fomu, na barua pia, na nakala ya jarida. Nezu alisoma amesimama. Orihara alisoma juu ya bega lake, bila aibu, na alipofika kwenye maneno ya kijarida alitukana kwa neno ambalo kinyozi mwenye wateja wa heshima hatakiwi kulijua.

"Lakini haya ni masihara yetu!" Tamiya alisema. "Mimi niliandika humo kwamba pikipiki ya posta imenipunguza urefu! Mbona hawakuja kunipima?"

"Njooni," Orihara alisema. "Njooni wote."

Kando ya choo cha kituo kulikuwa na hodhi la mawe lililopokea maji ya chemchemi kwa bomba la mwanzi. Alikunja mikono ya koti lake, akazamisha viganja. "Hivi ndivyo wanavyopima hospitalini, sivyo, Mzee Kanzo? Maji baridi. Wewe Tamiya, shika saa. Nezu, tia mikono."

Nezu alisita, lakini kukataa kulikuwa kubaya zaidi. Walisimama hapo wakiwa wameinama, na hakuna aliyetania. Baada ya dakika tatu Tamiya alisema basi, wakatoa mikono. Ya Orihara ilikuwa myekundu. Ya Nezu ilikuwa myekundu kama kamba aliyechemshwa, na mvuke ulitoka juu yake katika baridi ile ya asubuhi. Ya Kanzo ilikuwa myeupe kuanzia ncha za vidole hadi kwenye fundo la pili, weupe wenye mpaka, kana kwamba mtu alikuwa ameichovya kwenye chokaa.

Tamiya aliitazama, kisha akatazama pembeni.

"Nezu," Kanzo alisema, "sikuulizi ulichoandika wakati ule. Andika ulichokiona sasa hivi. Pikipiki moja, barabara moja, miaka kumi na minne, na mikono yako hiyo hapo. Mistari minne tu."

"Niliandika nilichoambiwa niandike."

"Najua."

"Wakiliona jina langu watauliza nilikuwa nani. Watakwenda kwenye karatasi." Nezu alikuwa akifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mwanangu anakalia meza ile ile, Kanzo. Mwandiko mwingine, lakini saa ni zile zile. Wewe unafikiri sasa hivi huko juu vijana wanakata saa mbili?"

Upande wa pili wa bonde, kwa kweli, msumeno ulikuwa ukilia, na ulikuwa umelia tangu walipofika. Ilikuwa Jumapili.

"Basi hiyo ni sababu ya kuandika," Orihara alisema.

"Kwako ni rahisi, dada." Nezu alimgeukia Kanzo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba kuokolewa. "Sikiliza. Chukua hii mpya. Tubadilishane. Leo hii, funguo kwa funguo. Haitetemeshi, ina vishikio vya joto, utaendesha miaka kumi mingine. Sina zaidi ya hicho cha kukupa."

Kanzo alitazama ile mashine ya majivu, yenye uso wa vunjajungu. Aliitaka. Hilo ndilo lililomwumiza kuliko yote.

"Nikiichukua," alisema, "nitakuwa nimekiri kwamba ile ndiyo iliyonimaliza. Wataandika: aliibadilisha."

Nezu alirudisha fomu ndani ya bahasha, akaitia bahasha katika mfuko wa koti la Kanzo kwa uangalifu, kama mtu anayemvisha mgonjwa. Akainama kumtaka radhi, kwa muda mrefu kuliko desturi inavyotaka. Kisha akapanda na kuondoka, na kwa kuwa mashine yake haikuwa na sauti, walibaki wakiusikia ule msumeno wa ng'ambo.

"Nipe hiyo fomu," Orihara alisema. Aliiweka juu ya siti ya pikipiki yake, akaandika kwa kukandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka. Tamiya naye akaandika nyuma. Kanzo aliwashukuru. Alijua, na wao walijua, kwamba pikipiki ya kinyozi ilikuwa ndogo na ya mgawa barua ilikuwa ya posta, na kwamba kamati ingetumia sentensi moja kusema hayo: mashine tofauti, hakuna uhusiano.

Ilikuwa saa ya kuondoka, naye alipaswa kwenda mbele. Alikaa juu ya pikipiki yake, akanyoosha mkono wa kushoto kwenye klachi. Vidole vilifika kwenye klachi, vikailalia, visiivute. Akajaribu tena akitazama, kwa kuwa macho ndiyo yaliyobaki. Supu ilikuwa imekauka juu ya tangi.

Tamiya alikimbia kwenye mashine ya vinywaji, akarudi na makopo mawili ya kahawa ya moto, akamwekea moja katika kila kiganja, akayafungia vidole juu yake.

"Ni moto?" Kanzo aliuliza.

Orihara aligusa kopo, akaondoa mkono upesi. "Ni moto sana."

"Basi niambieni lini niyaachie," Kanzo alisema. "Mimi nitaungua bila kujua."

Wakasimama wawili pembeni yake, kila mmoja akiangalia mkono mmoja.