Siku Video za Wahami Zilipofungwa Mbele ya Watu

Ningependa kuwaambia kwamba haya yalimpata rafiki yangu, lakini wengi wenu mlikuwapo ukumbini, mliniona nimesimama mbele na kipaza sauti mkononi, jasho likishuka mpaka kwenye mkanda, kwa hiyo acha niyaseme mwenyewe kabla hamjayasema vibaya zaidi.

Nilikuwa nimemaliza chuo hapa Kisangani, fani ya kompyuta, na kazi hakuna (vita ilikuwa imefunga hata zile ofisi ambazo tangu zamani hazikuajiri mtu), nikajitolea kwa kamati ya parokia iliyokuwa inatafuta ndugu za wahami, yaani watu waliohamishwa na vita. Watu walikuwa wamekimbia vijiji vyao kila mmoja na njia yake, mama akatokea mjini, baba akabaki upande wa pili wa msitu. Motari, waendesha pikipiki wa barabara ya Bafwasende, walibeba simu ya kamati, wakimkuta mhami wanamrekodi, anasema jina lake, alikotoka, na mahali alipo sasa. Simu ikirudi mjini, ninahamisha zile video, ninaifuta, inaondoka tena na motari mwingine.

Sasa, mtu mwingine angeziweka kwenye kompyuta yake akaenda kulala. Mimi hapana. Mimi nikaanza kuwaza: je, askari wakiikagua kompyuta, wakajua wanaume wamejificha wapi? Je, mwizi akipita dirishani? Je, nyumba ikiungua? Niliwaza mpaka mama akaniuliza kama nina malaria. Mwishowe nikaamua kuziweka kwenye wingu, yaani kukodi nafasi kwa intaneti katika kompyuta za kampuni moja ya ng'ambo, halafu nikafuta kila nakala niliyokuwa nayo, ili hata wakinikamata wasikute kitu. Niliona nimefanya akili sana.

Nilisoma masharti ya usalama mpaka macho yakauma. Ukurasa wa bei niliusoma nusu: kupandisha video ni bure, kuzihifadhi ni pesa kidogo mno. Nikafurahi, nikaufunga. (Nusu ya chini ilisema kila mara mtu akifungua video, kampuni inahesabu uzito uliotoka na kukata pesa. Kuingiza ni bure, kutoa ndiko kunalipiwa.) Nilitumia kadi ya Tonton Faustin, kaka yake mama, mfanyakazi wa uwanja wa ndege Bangboka, nikaitilia dola chache. Na hapa ndipo nilipofikiri kama sisi wote tunavyofikiri hapa: mega za intaneti zikiisha zimeisha, simu inanyamaza, unanunua nyingine, hakuna anayekudai. Sikujua kwamba kule unatumia kwanza, hesabu inakuja nyuma, na usipolipa hawakati mega tu, wanafunga mlango na vitu vyako vikiwa ndani.

Siku yenyewe ya kuwaonyesha watu video, parokia iliwasha antena yake ya intaneti, tukatundika shuka jeupe, na Papa Anselme, rais wa kamati, akanipa nafasi ya kueleza. Nikaeleza kwa majivuno, Mungu anisamehe. Nikasema video zetu ziko mbali, juu kwenye wingu, vita haiwezi kuzifikia.

"Bon, kama iko juu," mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "ufunguo iko na Petro ao iko na weye?"

Wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha tukaanza, na kweli kilikuwa kitu kizuri: mtu anamwona ndugu yake ukutani, anapiga kelele, anaanguka magotini. Nilikuwa nimewapa wote anwani ya kufungulia kwenye simu zao, nao wakawatumia ndugu zao Goma, Kampala, hata Ubelgiji, na nani anatazama mtu wake mara moja tu? Walitazama, wakarudia, wakaitana, wakarudia tena. Na zile video niliziacha nzito kama zilivyotoka kwenye simu, nikiogopa kwamba nikizipunguza sura zitaharibika.

Simu yangu ikalia. Tonton Faustin.

"We mutoto ya dada yangu, kadi yangu inalia-lia tangu asubuhi. Unanunua avion, ndege muzima?"

"Hapana tonton, zile dola zitaisha tu zenyewe."

"Zimeisha kitambo! Sasa wanaomba ingine, banki inakatala!"

Nikamwambia nitampigia baadaye, kwa sababu ilikuwa zamu ya Mama Zawadi. Mnamjua, yule aliyefika mjini na watoto wawili, analala darasani nyuma ya kanisa. Mume wake alipotea usiku wa kukimbia. Akasimama karibu na shuka, karibu kabisa, kitenge kimeshikwa kifuani. Nikafungua. Mume akatokea, amekonda, akasema jina lake, akasema alikotoka, akasema, "Kama muke wangu ananisikia, mimi niko muzima, niko hapa..."

Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Halafu shuka likawa jeupe na maandishi mafupi: akaunti imesimamishwa.

"Alisema iko wapi?" Mama Zawadi akaniuliza, kwa upole, kama mtu aliyepitwa na neno.

Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule. Ukumbi mzima ulikuwa umeinua simu na zote hazifungui.

"Papa, alisema wapi?" Mama Zawadi akaniuliza tena.

"Fungula basi!" watu wakapiga kelele. "Huyu amekula pesa!" "Alors, hauna kopi ingine pembeni?" Papa Anselme akaniuliza sikioni, na ilibidi nimjibu kwamba sina, nilifuta mimi mwenyewe, kwa usalama. Akafanya jambo lililoniumiza kuliko matusi: akachukua beseni la sadaka akalipitisha kati ya wahami. Watu wasio na sufuria wakatoa franka zao zilizokunjwa ili wanunue upya sura za ndugu zao. Mama Zawadi naye alitoa.

Pesa ilitosha, lakini kugeuza franka kuwa dola ndani ya kadi, kadi yenye jina la mtu mwingine, kwa kampuni inayotaka uthibitishe kwamba wewe ndiye wewe, hiyo haikuwa kazi ya siku ile, wala ya wiki ile. Na motari, simu ikiwa imepita mikononi mwa wengi, hawakukumbuka tena nani alirekodiwa wapi. Akaunti ilipofunguliwa nilikimbia mpaka darasani na kompyuta. Mume akamaliza sentensi yake, akataja kambi moja kando ya barabara. Motari akaondoka siku hiyohiyo. Alirudi akasema kambi imekimbia tangu juzi, risasi zilisikika karibu, vibanda vimebaki vitupu, na hakuna anayejua watu walielekea wapi.

Mama Zawadi hakunigombeza. Aliniomba tu nimwekee ile video kwenye simu yake ndogo, na mpaka leo bado anamngoja. Tangu hapo, mtu akiniletea sura ya mtu wake, kabla sijaipeleka popote duniani, kwanza ninaiweka mkononi mwake.