Nyapara wa Redioni na Rahel Wangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata baada ya kustaafu siwezi kuikumbuka bila kukunja uso. Ilikuwa Jumamosi alasiri, miaka ya hamsini, katika ukumbi wa jamii pale Bondeni, Nakuru. Nilikuwa karani kijana wa halmashauri, nami ndiye niliyekabidhiwa funguo za ukumbi na redio yake. Wachache walikuwa na redio nyumbani, kwa hiyo mtaa mzima ulikuja kusikiliza hiyo yetu.

Siku hizo kulikuwa na mchezo wa kuigiza redioni uliopendwa kupita kiasi. Ulimhusu Zakaria, nyapara wa shamba la pareto, na Miriamu, kibarua aliyechuma maua chini yake. Naomba jambo hili likae sawa, kwa kuwa wengi hulisimulia vibaya: Miriamu alipomkataa, Zakaria alimnyima kazi mpaka mama yake akalala njaa. Kisha akaja mwenyewe na kikapu cha unga na shali mpya. Miriamu akalia, akampenda, na ukumbi mzima ukashusha pumzi.

"Huyo ndiye mwanamume," alisema Rahel.

Rahel alikuwa mchumba wangu. Wazee wetu walikuwa wameshapeleka kwao mbuzi wa kwanza wa mahari. Hakuwahi kunitazama mimi kama alivyokitazama kile kisanduku.

"Mwanamume gani," nikamuuliza, "anayemshindisha mtu njaa ili apendwe?"

"Si amejuta? Hukusikia sauti yake ikitetemeka?"

"Analipwa atetemeke."

Mama mmoja muuza viazi, aliyeketi nyuma yetu, akacheka. "Karani anaonea redio wivu. Rahel, mpeleke nyumbani kabla hajaipiga ngumi."

Alisema kweli. Ulikuwa wivu mtupu. Chumbani kwangu nilijaribu kuiga ile sauti nzito ya Zakaria, ikatoka kama ya mtu mwenye mafua. Hata hivyo hoja yangu ilikuwa sahihi, na hadi leo naitetea: ule ulikuwa uonevu uliovishwa shali.

Jumamosi iliyofuata, Zakaria alipokuwa akimposa Miriamu, Rahel alifumba macho ili asikie vizuri zaidi. Sikuweza kuvumilia. Niliinuka, nikaizima redio, nikatangaza kwamba ukumbi unafungwa kwa sababu mchezo ule unapotosha wasichana. Watu walinung'unika, wakatoka. Nani angebishana na karani wa halmashauri? Rahel peke yake alibaki mlangoni.

"Fungua, tumalizie."

"Nitafungua ukiniahidi kwamba hutausikiliza tena."

"Zakaria ananyima watu kazi, wewe unanyima watu redio. Lakini yeye namsikiliza nusu saa, halafu naenda kupika. Wewe ningeishi nawe maisha yangu yote."

"Rahel, mimi nakulinda."

"Hata yeye alimwambia Miriamu hivyo hivyo."

Kabla ya Jumamosi nyingine, mbuzi walirudishwa kwetu. Rahel aliolewa Elburgon na fundi wa kiwanda cha mbao. Niliwahi kuwaona sokoni, yeye akimtania mumewe juu ya kofia yake, mumewe akicheka. Nikapita njia nyingine. Wivu ule, mwanangu, haujaniisha hata leo.

Sasa nawasikia ninyi mkigombana juu ya hadithi zenu za mabosi matajiri na wasichana walioajiriwa nao. Mmoja anazililia, mwingine anamwita mwenzake mjinga. Hadithi ya namna hiyo ikikujia, jiulize: je, msichana huyu angeweza kukataa na bado apate chakula cha jioni? Ikiwa hangeweza, sema wazi kwamba huo ni uonevu, wala usimwonee haya mtu yeyote. Lakini usimdharau anayeipenda. Aliyeshusha pumzi ukumbini hakuwa ameomba kuonewa; alijua tofauti ya mchezo na maisha, na aliijua kuliko mimi niliyejiona mwerevu. Na kabla hujamhukumu nyapara wa hadithi, tazama kwanza wewe mwenyewe una mamlaka gani juu ya umpendaye, na unayatumiaje anapokukataa.

Mungu akujalie mwenzi aliye huru kuondoka wakati wowote, na akujalie tabia itakayomfanya, kila jioni, atake kubaki.