Jina Ambalo Ferista Hakuliandika

Mimi Kiingereza sikijui, na kwa umri huu sitaki kukijua. Lakini mwaka ule kilinipitia mdomoni karibu kila siku, kikitoka jikoni kwenda uani na kutoka uani kurudi jikoni, hadi ulimi ukachoka kuliko miguu. Mtu akiniuliza nililima nini mwaka ule, namjibu nililima viazi, maharage na Kiingereza cha watu wengine.

Ferista ni mkamwana wangu, mke wa mwanangu Wilbard. Wilbard yuko Tunduma, anapakua mizigo ya malori mpakani, na huku kwetu Ibaba anakuja sikukuu tu. Mkewe ameniachia mimi. Sina la kulalamika, binti ni mchapakazi. Akimaliza shamba anateremka zahanati kujitolea: anapima watoto uzito, anafagia, anawashika mikono akina mama wakati wa uchungu. Muuguzi wa pale alimwambia, wewe ulizaliwa kwa kazi hii, nenda chuo. Tatizo lilikuwa Kiingereza. Masomo mengine alifaulu kidato cha nne, Kiingereza akapata F. Akarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, F tena. Sasa alikuwa anarudia mara ya tatu, na Wilbard alikuwa amesema kwa simu, bila kumung'unya maneno, kwamba ikishindikana safari hii aachane na ndoto, amfuate Tunduma wakauze mchele.

Sasa sikia. Mwalimu wa Kiingereza alikuwepo humu humu nyumbani. Mume wangu alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na Kiingereza ndicho kilikuwa chake. Ila huyo mwalimu ni baba mkwe wake Ferista. Na kwetu sisi Wandali, walau sisi tulioshika ya wazee, mkamwana hamwoni baba mkwe. Akimsikia anakuja, anajificha. Hali naye, hasemi naye, na jina lake halitaji hata akikabwa koo. Ferista alikuwa na miaka sita ya ndoa, na alikuwa hajamtazama yule mzee usoni hata mara moja.

Basi wakajifunza hivi. Mzee aliegemeza ubao kwenye ghala la mahindi. Asubuhi anaandika sentensi zake, anakohoa mara mbili, anaondoka kwenda nyuma ya nyumba. Ferista anatoka jikoni, anajibu kwa chaki, anarudi ndani. Mzee anakuja kusahihisha. Ukungu wa huku unavyoganda asubuhi, vidole vya binti vilikuwa vinatetemeka mpaka chaki inakatika. Walikuwa kwenye mambo ya "huu" na "huzi" na "wichi". Mzee alinieleza nimweleze Ferista: ni kama ambaye na ambacho. Unachukua sentensi mbili, mama amekuja, mama ana kikapu, unaziunga zinakuwa moja, mama mwenye kikapu amekuja. Nikasema, kwa hiyo ndiyo mnayonichosha nayo? Hiyo si watu wote wanaongea?

Ubao ulikuwa nafuu. Kilichonimaliza ni ufahamu, yale mahadithi marefu yenye maswali. Mzee anasoma uani kwa sauti, Ferista anasikiliza nyuma ya ukuta wa jikoni. Mzee anauliza swali. Ferista ananinong'oneza jibu, maana sauti yake haipaswi kumfikia, nami nalipeleka uani. Jamani! Nikifika kwa mzee nusu ya maneno yameshadondoka njiani.

"Rudi ukamwulize vizuri," mzee anasema.

"Kamwulize mwenyewe!"

"Mama Wilbard, unajua siwezi."

Ninarudi. Sufuria la maharage linaungua, kuku wanaingia kwenye unga, na mimi nasimama hapo nakariri maneno nisiyoyajua kama mtoto wa chekechea. Nilichoka, haki ya Mungu. Ferista naye alichoka, macho yamemtumbukia. Na mzee alichoka zaidi, kifua kilikuwa kinambana kwa baridi, ila hakuwahi kuruka asubuhi hata moja. Nilikuwa naona anavyouangalia ule ubao baada ya kusahihisha, anatabasamu peke yake. "Anazipata," ananiambia. "Zote anazipata."

Kule Isongole kuna mwalimu wa sekondari, Nathanaeli, aliwahi kufundishwa na mzee akiwa mdogo. Akakubali Ferista afanye mtihani wa majaribio pamoja na wanafunzi wake. Akaenda, akarudi anacheka, anasema ulikuwa mwepesi. Tukachinja jogoo kabla ya matokeo. Kosa letu wenyewe.

Nathanaeli alikuja na pikipiki siku ya pili yake, karatasi mkononi, uso umekunjamana. Akakaa uani na mzee, mimi nikawaletea viti na uji.

"Mwalimu wangu," akasema, "sehemu ya kuunga sentensi, huyu dada amewapita wanafunzi wangu wote. Lakini ufahamu amepata sifuri, na naona kama amenidhihaki. Hadithi ni ya mtu aliyechimba kisima kijijini. Nimeuliza, nani alichimba kisima? Amejibu, mtu aliyechimba kisima. Nani alimpinga mwenyekiti wa kijiji? Amejibu, yule ambaye alimpinga mwenyekiti. Kila swali hivyo hivyo! Jina limo kwenye hadithi, mara chungu nzima, yeye hakuliandika hata mara moja."

"Jina gani?" mzee akauliza.

"Jonas."

Nikashika mdomo. Mume wangu ni Jonasi.

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikambana, nikampiga mgongoni. Nathanaeli, ambaye ni Mnyiha wa Iyula na mambo yetu hayajui yote, akabaki anatutazama. Ilibidi nimweleze. Huyu binti hata kanisani, akipewa kusoma na ikaangukia kitabu cha Yona, anampa mwenzake, eti linakaribiana na la mzee. Nathanaeli hakucheka. Akasema, "Mama, Novemba, kwenye mtihani wenyewe, msahihishaji hatakuwa na wa kumweleza. Jonas ni jina la kawaida kwenye vitabu hivi. Likija, amekwisha."

Nathanaeli alipoondoka, mzee naye akaacha kucheka. Akaniambia, "Nenda kamwambie nimemruhusu. Aandike."

Nikaenda. Ferista alikuwa ameshasikia yote nyuma ya ukuta, amekaa juu ya kuni, machozi yanamtiririka. "Mwambie baba nimeshukuru," akasema. "Lakini mkono unakataa, mama. Nilijaribu pale pale kwenye mtihani. Niliandika ile herufi ya kwanza nikaona kama namvua nguo. Na sijasikia wewe umeniruhusu."

Hapo ndipo palikuwa na kidonda. Maana mambo ya mkamwana kwetu ni ya mama mkwe. Baba mkwe anaweza kuruhusu mpaka apasuke, mimi nikinyamaza ni bure. Na mimi nilinyamaza.

Nisikufiche, nilikuwa na hasira. Mimi niliolewa humu nikiwa binti mdogo. Baba wa mzee, yaani baba mkwe wangu, nilimkwepa mpaka siku walipomzika. Siku moja nilikutana naye kwenye njia nyembamba, nina mzigo wa viazi kichwani na mimba kubwa, nikajitosa pembeni kwenye upupu, nikawashwa siku tatu. Hakuna aliyenihurumia. Walisema, amelelewa vizuri. Leo huyu, kwa sababu ya karatasi ya mtihani, aruhusiwe alichonyimwa kila mwanamke aliyeingia nyumba hii? Mwacha mila ni mtumwa. Ndivyo nilivyomjibu mzee.

"Basi sawa," akasema mzee. Hakubishana. Asubuhi yake hakuandika kitu ubaoni.

Siku zikapita. Kukawa kimya pale uani, ule ukimya niliokuwa nautamani, nami sikuufurahia. Ferista aliendelea kupika, kulima, kuteremka zahanati, lakini madaftari aliyafunga. Siku moja Oktoba, nimetoka kuchota maji, nikamkuta anakunja vitenge vyake anaviweka kwenye begi.

"Unakwenda wapi?"

"Tunduma, mama. Nimempigia Wilbard. Kuliko kula ada ya mtihani bure, bora nikauze mchele."

"Na zahanati?"

Akaendelea kukunja. "Zahanati atapatikana mwingine."

Ilinichoma. Wiki ile ile alikuwa amerudi nyumbani amelowa jasho, ana furaha hajui aketi wapi, kwa sababu mtoto wa jirani alizaliwa kimya na yeye na muuguzi wakahangaika naye mpaka akalia. Atapatikana mwingine! Nani? Nikajiona nilivyo, mama mzima, nimesimama mlangoni na ndoo ya maji, natetea upupu ulioniwasha mwenyewe.

Nikatua ndoo. "Acha hilo begi. Sema jina."

"Mama!"

"Nimekuruhusu mimi. Sema."

"Sema wewe kwanza," akasema, na ndipo nikagundua mimi mwenyewe sijawahi. Mke hamwiti mume jina. Kwangu ni Baba Wilbard, na kabla Wilbard hajazaliwa alikuwa "wewe". Nikafungua mdomo, halikutoka. Loo! Nikasukuma tena.

"Jonasi," nikasema, kwa sauti ndogo kama naiba.

"Jona..." Ferista akakwama.

"Lote!"

Akafumba macho, akashika nguzo ya jikoni kwa mikono miwili, na kwa kuwa alikuwa amekusanya nguvu nyingi mno, likamtoka kwa ukelele. "Jonasi!"

Mzee alikuwa uani anapukuchua mahindi. Na sisi hatukumfikiria kabisa. Tukasikia gunzi limeanguka, na sauti ikajibu, si ile ya mwalimu, ni nyembamba, ya mtoto aliyeitwa kutoka mbali.

"Naam, mama!"

Ferista alijitupa nyuma ya kuni. Mimi nikachungulia. Mzee alikuwa amesimama wima, amegeukia jikoni, punje za mahindi zinamdondoka mapajani, na uso wake umepotea njia. Mama yake amekufa zamani. Tangu azikwe, hakuna mwanamke aliyemwita kwa jina lile. Aliponiona akajua alipo, akakaa, akajifuta macho kwa kiganja. Mimi nikarudi jikoni nikalia na mwenzangu, halafu tukacheka, halafu tukalia tena. Begi nililifungua mwenyewe.

Siku zilizobaki Ferista alijifunza kwa taabu. Mzee aliandika hadithi za kubuni, kila moja ina mtu anayeitwa Jonas: Jonas muuza ng'ombe, Jonas mwizi wa kuku, Jonas mlevi. Nilikuwa nasikia Ferista anacheka jikoni huku anaandika. Mkono ulizoea pole pole, kama mkono unavyozoea jembe.

Mtihani ukaja, hadithi yenyewe ilikuwa ya nyuki. Hamkuwa na Jonas wala mtu mwenye jina. Ferista aliponieleza nilikaa chini.

Januari Wilbard akapiga simu kutoka Tunduma. Alikuwa anapiga kelele, nyuma yake malori yanapiga honi. "Mama, C! Kiingereza C! Mwambie ajiandae na chuo!" Ferista alikuwa jikoni, akapiga magoti pale pale kwenye majivu. Mzee alikuwa mlangoni pa nyumba kubwa.

"Mwambie hongera," akaniambia mimi.

Nilikuwa nimechoka, na nilimwambia hivyo. "Nimechoka, Baba Wilbard. Mwambie mwenyewe."

Akasogea. Akasimama nje ya mlango wa jikoni, akageuza uso akaangalia migomba. Ferista ndani, kajifunika kitenge, kaangalia ukuta.

"Hongera, mwanangu," akasema.

"Asante, baba."

Nilidhani yameisha. Kisha nikamsikia binti anamwuliza jambo ambalo hakuwahi kumwuliza mtu isipokuwa mimi.

"Baba, chai nikuwekee sukari kiasi gani?"

"Usiweke kabisa, mwanangu. Mimi sukari siipendi."

Miaka sita mimi ndiye nimekuwa nikimwambia Ferista, weka vijiko vitatu, mzee anapenda tamu. Na kabla ya Ferista nilikuwa nikiviweka mwenyewe. Mzee alikuwa anakunywa yote, anarudisha kikombe, anasema ahsante. Nilisimama pale katikati ya wawili hao, na hakuna aliyekuwa ananihitaji. Ferista akammiminia chai isiyo na sukari, akaiweka kizingitini, na mzee akainama akaichukua mwenyewe.