Lugha Tano na Nusu, Tani Mbili Hewani

Saa mbili na robo asubuhi, juu ya paa la jengo la ghorofa tisa, Mama Winchi amewapanga wanaume wanne kwenye mstari kama watoto wa chekechea, na anawataka watembee.

Chini kabisa, tangi la maji la chuma lenye uzito wa tani mbili limeshafungwa mikanda na kunaswa kwenye ndoano ya winchi. Dereva wa winchi, ambaye ni mdogo wa mume wa Mama Winchi, yumo ndani ya kibanda chake cha vioo, anasubiri. Kutoka alipo halioni paa. Anachopata ni sauti ya Mama Winchi kwenye redio ya mkononi, basi.

"Shemeji, upepo kilomita ishirini na sita," redio inakoroma. "Ukifika thelathini na sita naweka mikono mapajani, usinilaumu."

"Iweke hapohapo kwanza. Wageni wangu hawajatembea."

Hao wageni ni mafundi wa tangi. Wamekuja nalo jana kutoka mbali, na lugha yao hapa hakuna anayeijua sawasawa. Mkubwa wao ni pande la mtu, mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri kuliko nywele za injinia. Ukimwambia neno anaitikia kwa kichwa. Ukimwambia jingine, anaitikia tena. Hajamaliza saa ishirini na nne kazini, na Mama Winchi ameshambandika jina: Bwana Ndiyo.

Kazi ya Mama Winchi ni kuwa macho ya dereva na mdomo wa kila mtu mwingine. Mzigo ukipanda, yeye ndiye anayesema inua, shusha, ngoja. Kisha anawageukia walio chini ya mzigo na kuwaambia, kila kikundi kwa lugha yake, wakae wapi na wakimbilie wapi mambo yakiharibika. Ana miaka hamsini na mitatu, na kazi hii ameifanya miaka kumi na minane.

Hakuisomea. Alianza kwa kuuza chai kwenye majengo yanayojengwa, birika mkono mmoja, ndoo ya vikombe mkono mwingine. Wateja walikuwa wa kila namna, na kila mmoja alitaka sukari kwa lugha yake.

"Mtu mwenye njaa hasemi maneno magumu," anasema. "Nilijifunza bila kusumbuka. Nikianza na 'weka nyingine', nikimalizia na matusi."

Leo anahesabu lugha tano na nusu, wala hajidanganyi juu ya hata moja. Kiswahili na lugha ya mama yake anazo zote mbili, na anaziota usiku. Lugha ya ofisini anaielewa ikisemwa polepole na mtu asiyekasirika. Ya mafundi nondo inamtosha kwa kazi na kwa kuulizia watoto. Ya mume wake anaijua ya kugombana tu.

"Ya kuomba radhi sijajifunza," anasema akirekebisha kofia yake ngumu. "Na mwenyewe hajapata kuitumia mbele yangu, ningeisikia wapi?"

Hiyo nusu ndiyo ya kina Bwana Ndiyo. Maneno yake ni kumi na moja, aliyoyapata kwa mchomelea vyuma mmoja aliyekuwa akinywa chai kwa mkopo: chai, sukari, moto, kaka, njoo, hapana, asante, tatu, deni, kesho, na tusi moja. Neno la kukimbia halimo, ingawa mchomelea mwenyewe aliondoka mbio, na vikombe kumi na viwili hadi leo havijalipwa.

Sasa tani mbili zinakuja, na yeye ana maneno kumi na moja.

Injinia anatazama saa. Ni kijana mpole, ana mwezi mmoja tu kwenye jengo hili. Winchi imekodiwa kwa saa, na bei ya saa moja ya winchi ingemlipa Mama Winchi mshahara wa siku kumi na moja.

"Mama, wamesema wameelewa. Tupandishe."

"Wamesema kwa kichwa, injinia. Mimi nataka kuona miguu."

"Kila mzigo unatupotezea dakika kumi na hii michezo."

"Ukitaka unifukuze, nifukuze, ila unipe kwanza dakika zangu."

Wenzake wa siku nyingi hawamuulizi sababu ya hizo dakika. Miaka sita iliyopita, kwenye jengo jingine, alimuuliza fundi nondo mmoja kijana kama ameelewa. Kijana akaitikia kwa kichwa. Kabla ya hapo kijana naye alikuwa ameuliza swali, Mama Winchi hakulielewa, akaona haya kusema, na yeye akaitikia kwa kichwa. Waliitikiana kwa vichwa kama mbuzi wawili kwenye daraja. Robo saa baadaye mzigo wa nondo uliteleza, kijana akapoteza vidole viwili vya mguu.

Siku hizi kijana huyo anauza vocha za simu karibu na kituo cha mafuta. Mama Winchi hununua kwake kila Jumamosi, hata kama simu yake ina salio la kutosha mwezi mzima.

"Tangu hapo simuulizi mtu kama ameelewa," anasema. "Nani atasema hapana mbele ya bosi? Namwambia anionyeshe. Nanyoosha mkono juu, naushusha kama mzigo unaoanguka, halafu nangoja nione anaelekea wapi."

Anafanya hivyo sasa. Mkono unapanda juu ya kitako cha zege kitakachobeba tangi, unayumba, unashuka kwa kishindo. Njia salama iko wazi: kushoto, nyuma ya ukuta wa ngazi. Upande wa kulia, kutoka kwenye kitako hadi ukingo wa paa, ni hatua tatu tu, na ukingo wenyewe unaishia magotini.

Bwana Ndiyo anaitikia kwa kichwa, na wenzake watatu vilevile. Kisha wote wanne wanakwenda kulia. Wanasimama kati ya kitako na ukingo, mikono mbele, kama watu wanaompokea mtoto asidondoke.

Injinia anaushusha mkono wenye saa.

"Rudia," anasema, safari hii kwa sauti ndogo.

Mama Winchi anarudia. Wanakwenda kulekule.

"Upepo ishirini na tisa," redio inasema.

"Hapana, kaka," anamwambia Bwana Ndiyo kwa lugha yake, na hapo ameshatumia mawili katika yale kumi na moja. Bwana Ndiyo anatabasamu, anaitikia kwa kichwa, habanduki.

Anayeijua lugha ya wageni, na yeye nusunusu, ni mzee mpaka rangi wa ghorofa ya saba. Lakini mzee huyo Kiswahili chake ni cha salamu. Lugha yake hasa ni ya kwao na mume wa Mama Winchi. Anaitwa, anapanda ngazi na brashi mkononi, akihema. Mama Winchi anamweleza kwa lugha ya mumewe, ile ya kugombana, kwa kuwa nyingine hana. Anaongea kwa kasi, kidole hewani. Mzee anasikiliza mpaka mwisho.

"Mke wetu," anasema, "huyu bwana nimwambie akimbilie ukutani, au nimwambie ukoo wake wote hauna akili?"

"Mwambie akimbilie ukutani. Hayo mengine yametoka yenyewe, yamezoea."

Maneno yanakwenda, yanarudi. Bwana Ndiyo, kwa mara ya kwanza tangu jana, anakataa kwa kichwa. Anaongea kirefu, akijipiga kifua, akionyesha chini liliko tangi.

"Anasema hawakimbii," mzee anatafsiri. "Tangi likigonga kitu wanakatwa mshahara, wote wanne. Kwao fundi hulishika. Mwaka jana walilishika, halikugonga."

"Na mtu je, aligongwa?"

Mzee anauliza. Bwana Ndiyo anainamisha macho, anayashika masharubu yake.

"Upepo thelathini na mbili, shemeji."

Mama Winchi anamgeukia injinia. "Umesikia. Hapa sina lugha, ya kwako ndiyo inayotakiwa."

Injinia anachungulia tangi kule chini. Mkataba haukuandikwa na yeye. Anaweza kuahirisha hadi kesho, na kesho upepo huenda ukawa mbaya zaidi.

"Waambie leo tangi ni langu," anasema hatimaye. "Likibonyea, nitaandika nimelibonyeza mimi."

"Sema ukiwatazama wao. Mzee atafuata."

Anasema akiwatazama, na mzee anafuata. Wale wanne wanashauriana, kisha Mama Winchi ananyoosha mkono wake tena, anauyumbisha, anaushusha. Bwana Ndiyo anakwenda kushoto, anajibanza nyuma ya ukuta wa ngazi, wenzake nyuma yake.

"Tena," anasema Mama Winchi. Wanarudia. "Tena."

Kabla ya kuinua, anamtaka mzee ampe neno moja: acha, kwa maana ya kuachia kamba. Analitamka mara sita huku wageni wakimsahihisha kwa vidole. Ni neno lake la kumi na mbili.

"Inua, shemeji. Polepole kama unabeba mayai ya watu."

Tangi linapanda. Linapita ghorofa ya tano, ya saba, linachomoza juu ya ukingo, jeupe, pana, linaziba jua. Bwana Ndiyo na mwenzake mmoja wanashika kamba za kuliongoza. "Kulia kidogo. Ngoja. Shusha nusu mita." Limebakiza shubiri moja kufika kwenye kitako pale upepo unapolipiga ubavuni.

Linazunguka. Kamba ya kwanza inachomoka mikononi mwa fundi, na fundi anakimbilia ukutani. Bwana Ndiyo bado ameshika yake. Miguu yake inaburutwa kuelekea ukingoni, na mwili umelala nyuma kama anayevuta ng'ombe.

Mama Winchi anapiga kelele lile neno la kumi na mbili. Mara moja, halafu ya pili.

Bwana Ndiyo anamtazama. Anaiachia.

Anapofika ukutani tangi limeshapita pale aliposimama. Linagonga ukingo, linamega matofali matatu, linarudi likining'inia na kutoa mlio wa chuma.

"Simama hapo, shemeji. Usiguse kitu." Sauti yake kwenye redio ni ileile ya kuagiza chumvi. Wanangoja dakika nne. Tangi linatulia. "Sasa shusha. Shusha. Shusha. Limekaa."

"Upepo thelathini na tano," anasema dereva. "Na mimi nashuka nikakojoe."

Ubavuni mwa tangi kuna bonyeo la ukubwa wa sinia. Injinia analitazama, anatoa daftari la kazi, anaandika, kisha anampa mzee mpaka rangi awasomee wageni kilichoandikwa. Mzee hajui kusoma lugha ya ofisini. Mama Winchi anaisoma kwa kidole, silabi moja moja, anamwambia mzee, mzee anawaambia wageni. Imechukua muda mrefu kuliko kupandisha tangi lenyewe, lakini safari hii injinia hajatazama saa.

Saa nne wanakunywa chai kwenye ngazi. Bwana Ndiyo anasema jambo fupi akimwonyesha Mama Winchi kwa kidevu. Wenzake watatu wanacheka mpaka mmoja anamwaga chai yake. Mzee mpaka rangi naye anacheka, meno yote nje.

"Amesema nini?"

"Mke wetu, hilo halitafsiriki."

"Babu, nakuuliza kwa heshima."

"Na mimi nakukatalia kwa heshima hiyohiyo."

Mafundi wa tangi watakuwa hapa miezi mitatu. Yamebaki matangi matano. Mama Winchi ameshapatana na Bwana Ndiyo kwa vidole na kwa yale maneno yake: kila saa nne, chai yenye sukari tatu kwa maneno matatu mapya. Anataka, kabla ya tangi la mwisho, aweze kuwaeleza jambo lote mwenyewe bila kumpandisha mzee ngazi.

"Hiyo ndiyo sababu ya kazi," anasema akikung'uta vumbi la matofali kwenye fulana yake ya kung'aa. Anamtazama Bwana Ndiyo, anayeyachana masharubu yake kwa kitana kidogo. "Ya pili ni yangu mwenyewe. Walichonichekea leo nitakuja kukijua, na siku hiyo nitamjibu kwa lugha yake, mbele ya wenzake, na chai wote wataimwaga."