Meno ya Mapasa

Nilipomaliza masomo ya biolojia Kisangani, nilikuwa nikimtazama kila mtu mdomoni. Papa, baba yangu, alikuwa amepoteza karibu meno yote ya juu, na ya chini yalishaanza kutikisika. Pacha wake, ami yangu, tonton wa Lubunga, ng'ambo ya mto, bado alivunja mifupa ya kuku kwa meno.

Walifanana mpaka mama aliwahi kumkaripia tonton akidhani ni mumewe. Na kwetu mapasa, yaani pacha, hupewa kila kitu sawa. Ukimnunulia mmoja shati, mnunulie na mwenzake, la sivyo mmoja wao atadhurika. Ndiyo maana meno yale yasiyolingana yalizungumzwa sana nyumbani. Shangazi, dada yao mkubwa, alishapata jibu: tonton alikuwa anakula meno ya ndugu yake.

Sikuamini uchawi. Hata hivyo nilianza kumchunguza tonton. Kwa nini alimletea papa samaki laini kila alipovuka? Alikuwa na huruma, au kuna kitu alikuwa analipia? Asubuhi nikipiga mswaki nilitema mate mekundu, na siku hizo nilijiuliza kama nami nilikuwa naliwa.

Jumapili moja shangazi aliwakalisha wote wawili uani, akaniita.

"Wewe mwenye kusoma, sema. Meno ya papa yako iko wapi?"

Nikaeleza kwamba mapasa hawa wana jeni zile zile, ila jeni hazifanyi kazi wakati wote. Huwashwa na kuzimwa. Katika fizi kuna zinazouamuru mwili upigane na vijidudu vya uchafu wa meno. Vita ikipungua, zinapaswa kunyamaza. Kwa papa hazikunyamaza, na mwili ukaendelea kupigana mpaka ukaanza kula mfupa wake wenyewe, ule unaoshika meno.

"Bon," alisema shangazi. "Na nani anakataza zinyamaze?"

"Hatujue yote, shangazi. Pengine uchafu wa siku nyingi, pengine tumbaku."

"Tumbaku wanavuta wote wawili! Donc kuna kitu imejificha, inawasha, inazima, na haujue ni nani. Mutoto, mimi nilisema vile vile, tena bila diplôme."

Watu wa nyumbani wakacheka. Tonton hakucheka.

"Yaya," alimwambia dada yake mkubwa, "kama shida ni meno, nitang'oa yangu. Tutakuwa sawa."

Hilo nalo nikalitilia shaka. Mtu asiye na kosa hukubali upesi hivyo? Lakini nilimwona akilishika jino la mbele kwa vidole, nikaogopa kwamba kweli angekwenda kung'oa. Nikamgeukia papa kwa hasira kidogo.

"Papa, kwa nini haukuenda kwa daktari wa meno? Dispensaire iko hapa karibu."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hatembei uchi.

"Nitibiwe peke yangu? Ndugu yangu haumwe. Nimuvushe mutu mto, aje kutibiwa ugonjwa hana?"

Miaka yote ile fizi zake zilikuwa zinaoza kwa sababu hakutaka kupata dawa ambayo mwenzake hakuipata.

"Kumbe ni ile?" tonton alisema. "Mimi nilifikiri umeamini maneno ya yaya. Ungeniita tu, mupumbavu wewe!"

"Mupumbavu ni wewe, unataka kung'oa meno muzima!"

Kesho yake walikwenda pamoja, wamevaa suti za abacost za kitambaa kimoja, nami nyuma yao. Daktari alimkwangua papa uchafu mgumu uliojibana chini ya fizi, damu nyingi ikatoka, akasema meno kadhaa ya chini yangeweza kubaki kama angerudi mara kwa mara. Kisha tonton akapanda kitini.

"Citoyen, wewe huna kitu," daktari alimwambia kwa heshima.

"Mukwangue tu," papa alisema, kitambaa mdomoni. "Sawa na mimi."

Daktari akacheka, akaanza. Kule nyuma ya mdomo, kwenye gego la mwisho, chuma kilipogusa fizi, damu ikachuruzika. Niliinama kuiangalia vizuri. Ilikuwa inaanza kwake pia, au ilishaanza zamani naye akanyamaza?

Papa naye aliiona. Alimshika ndugu yake bega, na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyepewa haki yake.

"Tutarudi wote wawili," alimwambia daktari.

Mimi nilibaki nimesimama pale, ulimi wangu ukitafuta fizi zangu.