Maji ya Mchele

Mimi naweza kukutolea sauti ya mtu yeyote hapa Sironga, mzima ama aliyezikwa. Pasta wetu, vile anaomba kama amebeba kiazi moto mdomoni. Dada yangu akikopa chumvi. Lakini baba mkwe wangu simtoi, na mkiniuliza sababu, nafunika uso.

Ilikuwa mwanzo mwanzo wa miaka ya sabini, mimi bado bibi arusi. Nilikuwa nafanya kazi kwa nyumba ya mwalimu Mjapani. Bibi yake alikuwa mdogo hivi, na Kiswahili yake ilikuwa ya "pore pore, mama, moto kidogo." Watu walimcheka. Mimi nitamchekaje? Sisi Wagusii pia ulimi yetu haina hiyo "pole" yenu. Tulikuwa pore pore wawili, na tulisikizana kushinda nyinyi wa shule.

Siku moja akasema tupike vitamu vya kwao. Nikaleta maharagwe nyekundu ndogo ndogo. Tukachemsha, tukamwaga maji, tukachemsha tena, tukaponda, tukachuja na kitambaa maganda ikabaki nje. Halafu nikaona anamimina sukari. Kwa maharagwe. Nikamwambia mama umekosea, chumvi ndiyo hii. Akacheka, akanipa mwiko, tukakoroga mpaka mwiko ikawa inaacha barabara chini ya sufuria. Mchele yake ilitoka kwao, ya kunata. Tuliipika, tukaitwanga kwa kinu yangu mpaka ikavutika kama mpira, tukafungia maharagwe ndani. Kwao wanazungushia majani ya mti fulani. Sisi tulichukua ya ndizi, tukapitisha kwa moto ilainike.

Wakati wa kula akataka kuweka chai. Nikakataa. Mimi ni Msabato, majani chai nachuma lakini sinywi, nakunywa maji moto tu. Akafikiria kidogo. Akaleta kachupa, akakapasha joto ndani ya sufuria, akanimiminia kwa kikombe kama ganda ya yai. Safi, unaona mpaka chini.

"Maji ya mchere," akaniambia. "Uma kidogo, kunywa kidogo."

Nikauma, nikanywa. Sukari ikijaa mdomo, ile maji inaosha, unataka kuuma tena. Ilinukia kama unga wa mkate. Nilikunywa kama Msabato mwenye kiu.

Saa ya kwenda nyumbani akanifungia vitamu viwili. Njiani nikasikia magoti yangu inacheka. Na huyo, baba mkwe anakuja na fimbo yake.

Sasa, kwetu kuna chinsoni. Ni heshima na ni aibu, neno ni hilo moja. Mke wa mtoto, mokamwana, akiona baba mkwe, yeye anatoka njiani, anainamisha macho, anasalimia kutoka mbali. Mkono hampi. Mzee huyu alikuwa ananipenda kwa sababu hiyo. Alikuwa anasema chakula yangu ndiyo inashuka vizuri, kwa sababu natoka kwa nyumba ya watu wenye haya.

Mimi nilisimama katikati ya njia. Nikaweka mkono mgongoni vile anawekanga. Nikasafisha koo mara mbili, kama yeye. Nikatoa sauti yake kwa pua, mbele ya macho yake: "Mmh. Mmh. Nani ametoka na panga yangu?" Halafu nikanyosha mkono na kitamu. "Onja."

Ni mzee mwenyewe alitoka njiani. Aliingia ndani ya majani chai, mtu mzima na koti yake, akasimama ameinamisha macho, akaningoja nipite.

Nyumbani bwana yangu alininusa. Akauliza nimekunywa nini. Nikasema maji ya mchele.

"Mchele iliyolala siku ngapi?"

Hapo ndio nilijua ni pombe. Yule mama sikumwambia, angekufa na haya, na hakukosea yeye.

Jioni nilipika wimbi na mboga, nikatuma kwa baba mkwe. Ikarudi vile imefunikwa. Kesho yake pia. Kesho kutwa pia. Anakula ya mama mkwe tu. Nikalia mpaka bwana yangu akaenda kuniombea msamaha. Alirudi pole pole, akakaa, akaangalia moto.

"Anasema hana hasira," akaniambia. "Anasema alifika nyumbani akacheka, mpaka mama akamwona. Sasa mtu amecheka na mokamwana, atakula chakula ya mkono yake namna gani?"

Afadhali angenichapa. Mimi nilidhani nimeangusha haya yangu tu, kumbe nimemwangushia na yake.

Alikaa hivyo mpaka tukavuna wimbi. Siku alianza kula tena, nilikimbia kuangalia sahani. Alikuwa ameacha nusu, amepanga ugali pembeni vizuri, vile mtu anafanya kwa nyumba ya watu asiowajua.