Bi Chiriku na Sauti ya Kiume

Fundi Redio na mkewe mshonaji hufanya kazi katika chumba kimoja. Upande wa mke kuna cherehani na vitambaa. Upande wa mume zimerundikana redio kaseti ambazo wenyewe walizileta kutengenezwa, wakanunua simu, wasirudi tena. Ndani yake mlisahaulika kanda za bendi za kisiwani kwao, bendi ambazo vituo vya bara havikuwahi kuzijali.

"Baba watoto," mkewe alimwambia siku moja, "ama uzitupe kanda hizo, ama uzifanyie kazi. Hapa hata sindano inakosa pa kulala."

Fundi hakuwa na moyo wa kuzitupa. Alichagua redio iliyokuwa nzima zaidi, akaiunganisha na kompyuta, akaanza kupakia nyimbo mtandaoni kila alasiri. Chini ya kila wimbo aliandika kwamba mwenye haki akitaka uondolewe, utaondolewa siku hiyo hiyo.

Wimbo mmoja ulipendwa kuliko yote. Kanda yake ilikuwa na jina la bendi tu, hivyo Fundi akaandika: "Mwimbaji ni bwana mmoja asiyefahamika." Watu wa nchi za mbali wakamsifu bwana huyo kwa sauti yake nzito, ya taratibu. Ndipo ukaja ujumbe: "Bwana huyo ni mama yangu, Bi Chiriku. Kesho tunakuja."

Fundi alikosa raha. Wenzake Bi Chiriku katika bendi walikwishafariki. Akikasirika na kusema futa, bendi nzima itatoweka tena, safari hii kwa mkono wake yeye.

Waliingia asubuhi, mama na binti yake.

"Shikamoo, mama," Fundi alisema, kichwa chini.

"Marahaba. Ni wewe uliyeniotesha ndevu?"

Mkewe Fundi alijifanya anatafuta uzi chini ya meza ili asionekane akicheka.

Fundi aliifungua redio mbele yao. Mpira mwembamba unaozungusha kanda ulikuwa umelegea kama mkanda wa suruali ya zamani, kwa hiyo kila wimbo ulikwenda polepole na kila sauti ikashuka. Alitia mpira mpya. Sasa wimbo ukakimbia mno, na sauti ikawa kama ya kitoto.

"Kuna skrubu ya kurekebisha mwendo, mtu aliizungusha mpira ulipolegea," alisema, "lakini sijui niisimamishe wapi. Mama, tuimbie kidogo niifuate sauti yako."

Bi Chiriku aliimba mstari mmoja, akajikatiza mwenyewe. "Loo! Uzee huu! Mbona sasa mimi ndiye yule bwana wako?"

Wote waliangua kicheko, Fundi peke yake akabaki na bisibisi mkononi.

"Mama, kwani mlikuwa hamuuchezi?" binti aliuliza.

Bi Chiriku alivua viatu. Mshonaji akasogeza kiti. Miguu ya mama ilianza kupiga sakafu, pigo moja zito, mawili mepesi, huku Fundi akiizungusha skrubu kidogo kidogo. Ngoma ya kwenye kanda ikawa mbele ya miguu, ikarudi nyuma, kisha vikakutana. Hapo hapo sauti ikatoka, ya mwanamke kijana, kali na changamfu.

Binti alishika mdomo. Hakuwahi kumsikia mama yake akiwa na umri kama wake yeye.

"Tufute, mama?" Fundi aliuliza.

"Ufute nini, mwanangu? Weka hii. Ila yule bwana mwache naye, nasikia ana wapenzi wengi kunishinda."

Fundi alishusha pumzi, akaketi kama mtu aliyetuliwa gunia. Kazi ya kurudia nyimbo zote alizopakia kwa redio ile ilimngoja, naye aliiona nyepesi. Akavuta kompyuta. "Basi nitajie majina, mama."

"Anza na mpiga ngoma," Bi Chiriku alisema, akitafuta viatu vyake. "Huyo ndiye aliyeanza kunichelewesha, kabla ya mpira wako."